Fonolojia ya Kiswahili kama Nyenzo ya Kujifunza Fonetiki na Fonolojia ya Kiingereza Chuo Kikuu

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mwanafunzi wa chuo kikuu anayezungumza Kiswahili anavyokabiliana na kozi ya fonetiki na fonolojia ya Kiingereza. Hoja kuu ni kwamba ugumu unaojitokeza hautokani na uzito wa ulimi, bali unatokana na mfumo wa sauti alio nao tayari, ambao huamua kile anachokisikia kabla hajatamka chochote. Ushahidi unatolewa kutokana na maneno ya mkopo yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, muundo wa silabi na mfumo wa mkazo wa lugha hizo mbili. Makala inaonesha pia kwamba baadhi ya dhana zinazohesabiwa kuwa ngumu katika kozi hiyo zimo tayari katika Kiswahili chenyewe. Mwisho, inajadili upimaji na kutoa mapendekezo kuhusu mpangilio wa ufundishaji.

1.0 Utangulizi

Fonetiki na fonolojia ya Kiingereza ni kozi ya msingi kwa wanafunzi wa shahada za lugha, isimu na ualimu. Nchini Tanzania, mwanafunzi anayeingia katika kozi hiyo kwa kawaida amesoma shule ya msingi ya umma kwa Kiswahili, kisha akasoma sekondari kwa Kiingereza kwa miaka 6. Hivyo, anafika chuoni akiwa ameandika Kiingereza kingi na kukisoma kwa macho, lakini akiwa amefundishwa kwa nadra kukisikiliza kama mfumo wa sauti. Kozi inamtaka aache kufikiri kuhusu herufi na aanze kufikiri kuhusu sauti, kwa kutumia alama za Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886.

Mabadiliko hayo si madogo kwa mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili. Othografia ya Kiswahili inakaribiana sana na matamshi. Irabu tano zina herufi tano, na anayejua kanuni chache anaweza kusoma kwa usahihi neno ambalo hajapata kuliona. Mazoea haya humfanya mwanafunzi aiamini herufi. Anapokutana na Kiingereza, ambamo herufi a ina thamani tofauti katika maneno cat, cake, call, car na about, imani hiyo inakosa msingi, naye hana budi kutafuta msingi mwingine. Iwapo kozi haitampa msingi huo, hubaki na njia moja tu, nayo ni kukariri.

Suala hili lina uzito kwa sababu wengi wa wanafunzi hao wataajiriwa kuwa walimu wa Kiingereza. Mwalimu aliyefaulu kwa kukariri alama anaweza kuandika /ɜː/ ubaoni bila kuwa na uwezo wa kutambua sauti hiyo inapotamkwa na mwanafunzi wake. Kwa hiyo, swali la namna kozi inavyofundishwa na kupimwa linagusa pia darasa la sekondari ambalo mhitimu atalifundisha.

2.0 Chujio la irabu tano: ushahidi wa maneno ya mkopo

Trubetzkoy, katika kazi yake ya mwaka 1939 kuhusu misingi ya fonolojia, alifananisha mfumo wa sauti wa lugha ya kwanza na chujio ambalo kila kinachosikika hupitia. Msikilizaji haipokei sauti ngeni kama ilivyo. Huiweka katika fonimu ya lugha yake inayoikaribia. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, chujio hilo lina matundu matano upande wa irabu: /i, e, a, o, u/. Maelezo ya Kiingereza sanifu cha Uingereza yanayofuata mkondo wa Gimson (1962) yana irabu 20, yaani irabu sahili 12 na irabu unganifu 8, pamoja na konsonanti 24.

Utendaji wa chujio hili hauhitaji maabara ili uonekane. Umehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili. Neno basi lilitokana na bus lenye irabu /ʌ/. Kadi lilitokana na card lenye /ɑː/. Shati lilitokana na shirt lenye /ɜː/. Na blanketi lilitokana na blanket lenye /æ/. Irabu nne za Kiingereza zimepokewa kwa irabu moja /a/. Hali ni hiyohiyo upande wa /e/: penseli lina chanzo chenye /e/, benki chenye /æ/, sketi chenye /ɜː/ na keki chenye /eɪ/. Irabu /o/ imepokea /ɒ/ katika boksi, /ɔː/ katika fomu na /əʊ/ katika koti. Irabu /i/ imepokea /iː/ katika timu na /ɪ/ katika bili, ilhali /u/ imepokea /uː/ katika buti na /ʊ/ katika buku. Maneno 15 yanatosha kuonesha irabu 13 za Kiingereza zikiingia katika matundu matano.

Data hii inadokeza mambo matatu. Kwanza, maneno kama kadi, shati, sketi na fomu hayana /r/ mahali ambapo tahajia ya Kiingereza ina herufi r. Kiswahili kina /r/ na hakina kizuizi cha kuitamka. Kukosekana kwake kunaonesha kwamba maneno hayo yalipokewa kwa sikio, kutoka katika matamshi ya Kiingereza yasiyotamka /r/ baada ya irabu. Kwa hiyo, data hii ni ushahidi wa usikivu, si wa usomaji.

Pili, irabu moja ya chanzo haikupokewa kwa namna moja kila mara. Irabu /ɜː/ imekuwa /a/ katika shati, lakini imekuwa /e/ katika sketi na nesi. Jambo hili linadhihirika zaidi katika shati na tisheti, ambapo neno lilelile la Kiingereza, shirt, limeingia mara mbili kwa irabu mbili tofauti. Mgawanyiko huo unamaanisha kuwa /ɜː/, irabu ya katikati, haina jirani mmoja wa wazi katika mfumo wa Kiswahili. Iko kati ya matundu mawili. Mwanafunzi anayesitasita kati ya /a/ na /e/ anapoisikia sauti hiyo hafanyi uzembe. Anarudia tukio ambalo lugha yake imekwisha kulipitia.

Tatu, tofauti nyingine zinatokana na wakati wa ukopaji. Katika matamshi sanifu ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, /æ/ ilitamkwa ulimi ukiwa juu zaidi kuliko ilivyo kwa wazungumzaji wengi wa sasa, na hivyo ilikaribia /e/. Vivyo hivyo, irabu unganifu ya neno coat ilianza na sauti ya aina ya /o/, na Daniel Jones aliinukuu hivyo katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917. Benki na koti ni mikopo inayolingana na hali hiyo.

Flege (1995), katika modeli yake ya ujifunzaji wa usemaji, anaeleza kwamba sauti ngeni kabisa inaweza kujifunzwa vizuri zaidi kuliko sauti inayofanana kwa kiasi na sauti ya lugha ya kwanza. Sauti inayofanana humezwa na kategoria iliyopo, na mwanafunzi haoni sababu ya kuunda kategoria mpya. Kwa mujibu wa mtazamo huu, /ɪ/, /ʊ/, /æ/ na /ʌ/ ndizo zinazotarajiwa kumsumbua mzungumzaji wa Kiswahili kwa muda mrefu, kwa kuwa kila moja ina jirani wa karibu anayeweza kuimeza.

3.0 Urefu wa irabu na mtego wa maelezo yaliyozoeleka

Njia iliyozoeleka ya kufundisha tofauti ya sit na seat ni kusema kwamba neno la kwanza lina i fupi na la pili lina i ndefu. Kwa mwanafunzi anayezungumza Kiswahili, maelezo haya yana matatizo mawili.

La kwanza linahusu dhana ya urefu yenyewe. Katika Kiswahili sanifu, irabu mbili zinazofuatana huchukuliwa kuwa ni silabi mbili. Neno kaa lina silabi ka na a, na mkazo huwekwa kwenye ka, silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa seat ina i ndefu ana kila sababu ya kuichanganua kama i mbili, na hivyo kuhesabu silabi mbili katika neno lenye silabi moja.

La pili linahusu ukweli wa kifonetiki. Katika Kiingereza, irabu hufupishwa inapotangulia konsonanti sighuna katika silabi moja. Irabu /iː/ ya beat ni fupi kuliko /iː/ ya bead, na muda wake unaweza kukaribiana na ule wa /ɪ/ ya bid. Mwanafunzi anayetegemea urefu pekee atakosea hapa. Kinachobaki imara ni ubora wa irabu: katika /iː/ ulimi uko juu na mbele zaidi, na katika /ɪ/ umeshuka na kurudi nyuma kidogo. Aidha, urefu wenyewe una kazi nyingine muhimu. Ni miongoni mwa viashiria vikuu vinavyomjulisha msikilizaji kama konsonanti ya mwisho ni sighuna au ghuna, kwa sababu /d/ ya mwisho katika Kiingereza mara nyingi hupoteza sehemu ya ughuna wake.

Kutokana na hayo, tofauti ya /iː/ na /ɪ/ inapaswa kuelezwa kwanza kwa mkao wa ulimi, na urefu uelezwe baadaye kama matokeo ya mazingira. Mpangilio huo unamwezesha mwanafunzi kuelewa kwa nini alama mbili zinazotumika ni tofauti kwa umbo, badala ya kuwa alama moja yenye nukta mbili na isiyo nazo.

4.0 Maarifa ambayo mwanafunzi anayo tayari

Ni desturi kwa maelezo ya ujifunzaji kuorodhesha yale ambayo mwanafunzi hana. Hata hivyo, uchunguzi wa Kiswahili unaonesha dhana kadhaa za kozi ambazo mzungumzaji wake anazitumia kila siku.

Dhana ya kwanza ni tofauti ya fonimu na alofoni. Katika Kiingereza, kipasuo /p/ cha pin hutamkwa kwa mpumuo, na cha spin hutamkwa bila mpumuo. Tofauti hiyo haibadili maana. Katika lahaja za Kiswahili za pwani, mpumuo hubadili maana: paa lenye mpumuo ni mnyama, na paa lisilo na mpumuo ni sehemu ya juu ya nyumba, kaa lenye mpumuo ni kiumbe wa majini, na lisilo na mpumuo ni la moto. Othografia sanifu haioneshi tofauti hii, na wazungumzaji wengi wa bara hawaitumii. Hapa panapatikana mfano kamili wa kufundishia: tofauti ileile ya kifonetiki ni ya kifonimu katika lugha moja na ya kialofoni katika nyingine. Mwanafunzi anayetoka pwani ana sikio linalotambua mpumuo, na anaweza kuwasaidia wenzake kuusikia.

Dhana ya pili ni king'ong'o cha kaakaa laini. Wanafunzi hutatizwa na tofauti ya singer, yenye /ŋ/ pekee, na finger, yenye /ŋ/ ikifuatwa na /ɡ/. Tahajia ya Kiingereza haiwasaidii, kwa kuwa maneno yote mawili yana ng. Kiswahili, kinyume chake, huiandika tofauti hiyo waziwazi: ng'oa na ngoa ni maneno mawili. Mwanafunzi akielekezwa kuwa singer ina ng' na finger ina ng, tatizo linaisha. Linabaki jambo moja la kifonolojia la kujadili, kwamba Kiingereza hakiruhusu /ŋ/ mwanzoni mwa neno, ilhali Kiswahili kinaruhusu, kama katika ng'ombe.

Dhana ya tatu ni konsonanti inayobeba silabi. Vitabu vya Kiingereza hutoa mfano wa /n/ katika button na /l/ katika bottle, na dhana hiyo huonekana ngeni. Lakini neno mtu lina silabi mbili, na silabi ya kwanza ni /m/ isiyo na irabu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa ni silabi ya pili kutoka mwisho, /m/ hiyo ndiyo inayobeba mkazo. Kiswahili kimekwenda mbali kuliko Kiingereza katika jambo hili.

Dhana ya nne ni vikwamizi vya meno, /θ/ na /ð/. Kiswahili sanifu kinavyo katika maneno yenye asili ya Kiarabu, kama thamani, thelathini, dhahabu na dhambi. Hata hivyo, wazungumzaji wengi ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hizo huzitamka kama /s/ na /z/. Kwa hiyo, wanafunzi wa darasa moja hawalingani. Mhadhiri anayetambua hali hiyo anaweza kuanza na thamani na dhahabu kabla ya kufika kwenye think na this, na kugundua mapema nani anahitaji mazoezi ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa pamoja.

5.0 Silabi na mkazo

Silabi ya kawaida ya Kiswahili ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Kiingereza huruhusu hadi konsonanti tatu mwanzoni mwa silabi, kama katika street, na hadi nne mwishoni, kama katika texts. Maneno ya mkopo yanaonesha mikakati miwili ya kukabiliana na tofauti hii. Irabu huongezwa mwishoni, na mara nyingi huwa /u/ baada ya konsonanti ya midomo, kama katika timu, fomu na stempu, na /i/ baada ya konsonanti za ufizi, kama katika basi, kadi na koti. Irabu pia huweza kuchopekwa kati ya konsonanti, kama katika burashi na kilabu. Mikakati hiyo si makosa. Ni kanuni za kifonolojia zenye mpangilio, na zinaweza kutumiwa darasani kumfundisha mwanafunzi namna ya kuandika kanuni kabla hajaombwa kuchanganua data ya Kiingereza.

Kuhusu mkazo, lugha zote mbili huuhamisha neno linapoongezewa viambishi. Katika Kiswahili, píga huwa pigána na piganísha. Mkazo huhesabiwa kutoka mwishoni, bila kujali kiambishi ni kipi. Neno kama barabara, ambalo hubadili maana kulingana na mahali pa mkazo, ni la nadra: barabára ni njia, na barábara ni sawasawa. Katika Kiingereza, kiambishi chenyewe huweza kuamua mahali pa mkazo. Mkazo wa photograph uko kwenye silabi ya kwanza, wa photography uko kwenye ya pili, na wa photographic uko kwenye silabi inayotangulia kiambishi -ic.

Tofauti kubwa zaidi iko katika silabi zisizo na mkazo. Irabu ya Kiswahili hubaki na ubora wake popote ilipo; /a/ zote nne za barabara husikika kuwa /a/. Irabu ya Kiingereza isiyo na mkazo mara nyingi hufifia na kuwa shwa, /ə/. Kwa sababu hiyo silabi ya kwanza ya photograph ina /əʊ/, na ya photography ina /ə/. Mwanafunzi hawezi kutabiri shwa kwa kutazama herufi, wala kwa kuisikiliza pekee, kwa kuwa sikio lake huirudishia irabu kamili. Anaweza kuitabiri kwa kujua mkazo uko wapi. Kwa hiyo, kufundisha shwa kabla ya mkazo, kama sehemu ya orodha ya irabu, kunamnyima mwanafunzi ufunguo wa kuielewa.

6.0 Suala la upimaji

Mitihani ya kozi hii huwa na maswali ya unukuzi wa kifonetiki. Mwanafunzi hupewa maneno yaliyoandikwa kwa tahajia na kutakiwa ayaandike kwa alama za fonetiki, na majibu hulinganishwa na kamusi ya Kiingereza sanifu cha Uingereza. Swali la aina hii lina thamani yake, lakini linapima kumbukumbu ya kamusi. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kutofautisha kwa sikio irabu yoyote kati ya zile alizoandika. Mwingine, anayenukuu kwa uaminifu matamshi yake mwenyewe au ya mhadhiri wake, anaweza kukosa alama ingawa amefanya kazi ya kifonetiki kwa usahihi. Tatizo hapa ni kwamba karatasi haikueleza inachopima.

Upimaji wa usikivu unawezekana. Utamaduni wa mafunzo ya fonetiki unaohusishwa na Jones huko London ulitumia imla ya maneno yasiyo na maana. Kwa kuwa neno la namna hiyo halimo katika kamusi, mwanafunzi hana cha kukumbuka, anaandika anachosikia. Aidha, programu ya Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na inayopatikana bila malipo, humwezesha mwanafunzi kurekodi matamshi yake ya beat na bit na kulinganisha fomanti zake. Anayeona kwamba irabu zake mbili zimeangukia mahali pamoja anapata ushahidi unaohusu sauti yake mwenyewe.

Suala la pili ni kiwango cha utamkaji kinachotarajiwa. Jenkins (2000) alipendekeza kiini cha matamshi kwa mawasiliano ya kimataifa, ambamo urefu wa irabu, konsonanti nyingi, mifuatano ya konsonanti ya mwanzo wa neno na mkazo mkuu wa kirai vinasisitizwa, huku /θ/ na /ð/ pamoja na maumbo hafifu yakiachwa. Katika ubora wa irabu, /ɜː/ ndiyo inayohifadhiwa. Pendekezo hili likilinganishwa na Kiswahili linazaa matokeo yanayostahili kuzingatiwa. Sauti zilizoachwa, /θ/ na /ð/, ni zile ambazo Kiswahili sanifu kinazo. Na irabu iliyohifadhiwa, /ɜː/, ndiyo iliyogawanyika kati ya shati na tisheti. Kwa hiyo, orodha ya sauti ngumu iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha nyingine haiwezi kuhamishwa ilivyo hadi kwenye darasa la wazungumzaji wa Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mwanafunzi anayezungumza Kiswahili huingia katika kozi ya fonetiki na fonolojia ya Kiingereza akiwa na mfumo kamili wa sauti, na kwamba mfumo huo ni kizuizi katika irabu na shwa, lakini ni nyenzo katika ving'ong'o, mpumuo, konsonanti za silabi na vikwamizi vya meno. Kutokana na uchambuzi huo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, uchambuzi wa sauti za Kiswahili utangulie ule wa Kiingereza, na maneno ya mkopo yatumike kama data ya awali. Pili, mkazo ufundishwe kabla ya shwa, na ubora wa irabu kabla ya urefu. Tatu, mitihani itenganishe upimaji wa usikivu na upimaji wa kumbukumbu ya kamusi, na kila swali la unukuzi litaje matamshi yanayotakiwa kunukuliwa. Nne, walimu tarajali wapimwe katika uwezo wa kutambua sauti zinazotamkwa na wengine, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo watakayoifanya darasani kila siku. Mapendekezo haya hayahitaji vifaa vya gharama. Yanahitaji mhadhiri na mtahini kukubaliana kwamba shati, sketi na ng'ombe ni data halali katika darasa la Kiingereza.